Mkono Kichwani, Mpira Chini

Mwezi huu nataka tuongee jambo ambalo akina dada wengi tunalijua lakini hatulisemi, hata kwa mashosti zetu wa karibu. Tunaongelea wigi na mazoezi. Akina kaka msifungue ukurasa mwingine, maana habari hii inawagusa kuliko mnavyodhani. Nitafika huko.

Nianze na mimi mwenyewe ili nisionekane nasema watu. Mwaka 2023 ofisi yetu ilicheza bonanza, na mimi nilipangwa GA kwenye netiboli. Sekondari nilikuwa mchezaji bwana, msinione hivi. Robo ya mwisho tuko nyuma kwa goli 1, dada wa timu yetu akanirushia pasi safi, ile ya kifuani kabisa, na mimi niko peke yangu ndani ya nusu duara. Hata mtoto wa darasa la tatu angeidaka. Sasa wakati mpira uko hewani, nikahisi kaupepo nyuma ya sikio. Mkono wangu wa kulia ukaruka wenyewe kwenda kichwani. Mpira ukanipita, ukatoka nje, filimbi ikalia, na baada ya dakika 2 mechi ikaisha. Tumefungwa.

Wigi halikudondoka. Lilikuwa pale pale, limetulia kama limetoka saluni asubuhi ile. Kilichodondoka ni mpira.

Dada mmoja wa uhasibu akaniuliza mbele ya watu, "Mhariri, vipi, ulikuwa unampungia nani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote. Halafu nikaenda kwenye gari, nikafunga vioo nikalia. Jamani, nililia kwa ajili ya mechi ya bonanza!

Labda niwaeleze kilichokuwa chini ya wigi. Miaka mingi nilisuka rasta za kubana, zile ambazo siku ya kwanza hata kucheka huwezi na unalala umeegemea mto kama mgonjwa. Nikitoa rasta, naenda kwenye wivingi ya gundi. Nikiona panja zimeanza kurudi nyuma, naongeza urembo wa kuzifunika. Nilipojifungua mtoto wa pili nywele zikanyonyoka zaidi. Hilo huwapata wanawake wengi miezi kama 3 baada ya kujifungua na kwa kawaida nywele hurudi, lakini zangu za mbele hazikurudi. Nilipokwenda kwa daktari wa ngozi akanieleza kwa lugha rahisi kwamba kinyweleo kikivutwa kila siku kwa miaka, hufika mahali kikachoka. Ukiacha kuvuta mapema nywele huota tena. Ukichelewa, ngozi inakuwa laini na kung'aa, na hapo habari imekwisha. Mimi upande wa kulia nilichelewa. Upande wa kushoto kuna matumaini kidogo.

Basi nikawa mtu wa wigi kila siku. Na wala sioni aibu kusema linanipendeza. Tatizo halikuwa kazini wala kwenye harusi. Ofisini unakaa, kanisani unakaa, kwenye kitchen party unacheza kwa adabu zako. Tatizo ni pale unapotakiwa kukimbia, kuruka, kuinama, kutoka jasho na kujiachia. Hapo mtu unaanza kujishtukia. Nikaacha netiboli, nikaacha kuogelea na wanangu, na nilipoalikwa gym nikawa na majibu 10 ya haraka haraka.

Sasa akina kaka, tumefika kwenu. Mume wangu alijiunga na moja ya zile klabu za jogingi za hapa Dar es Salaam. Mnazijua, wale wanaopita Jumapili alfajiri wakiimba, fulana za rangi moja, wazee kwa vijana. Kila Jumamosi jioni ananiuliza, "Mama Neema, kesho twende?" Na mimi kila Jumamosi kichwa kinauma, au mtoto ana mafua, au nina makala ya kumalizia. Alipoanza kupita Daraja la Tanzanite na kunirushia picha kwenye simu, yuko katikati ya akina dada wamevaa tisheti kama yake, wote wanatabasamu, nikaanza kununa. Nikimwuliza huyu ni nani na yule ni nani, naulizwa, "Si nimekwambia twende ukawaone?" Ukweli nilikuwa sina la kujibu. Unamzuiaje mtu kwenda mahali ambapo wewe mwenyewe umekataa kupelekwa?

Wala si sisi tu wa huku. Mwaka 2011 Regina Benjamin, ambaye wakati huo alikuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alikwenda kwenye maonyesho makubwa ya nywele kule Atlanta akazungumza na wasusi moja kwa moja, kwamba wanawake wanaacha mazoezi kwa kuhofia kuharibu nywele. Kuna watu walimcheka, eti daktari mkuu mzima anaongelea mitindo ya nywele. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest walichapisha majibu ya wanawake 103 weusi wa Marekani, na kama 4 kati ya kila 10 walisema kuna nyakati wameacha mazoezi kwa sababu ya nywele. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi miaka ile nilikuwa napata ngapi? Ngazi za ofisini, basi.

Kilichonizindua ni swali la yule dada wa uhasibu. Nilifikiri sana nikagundua kwamba wigi lenyewe halijawahi kunifanyia ubaya wowote. Kilichonifungisha ni kulilinda. Mtu unacheza huku nusu ya akili iko kichwani, na kwa akili nusu hakuna pasi utakayodaka. Kwa hiyo nikaamua nitafute wigi ambalo sitalazimika kulifikiria.

Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Nikamwonyesha muuzaji lile langu kwenye simu, refu, limemwagika mgongoni. Kijana akaniangalia kwa huruma. "Anti, hilo la harusi hilo. Unataka kukimbia nalo?" Akanitolea fupi, la juu ya shingo, ambalo mbele halina leisi wala gundi ila lina ukanda mpana wa kitambaa, na nyuma kuna velkro ya kukaza kwa saizi ya kichwa. Ukilivaa, mtu anaona dada amefunga bandana kwa ajili ya mazoezi, kama wanavyofanya wenye nywele zao. Hakuna mstari wa leisi wa kuficha. Nilipolibeba mkononi nikaona tofauti, jepesi kabisa. Lile refu likilowa jasho unahisi umebeba taulo bichi.

Lakini wigi peke yake halitoshi, la siri ni kinachokaa chini yake. Hapa nampa shukrani dada mwenzetu wa ofisini anayevaa hijabu na anacheza netiboli dakika zote bila kugusa kichwa hata mara moja. Nilimwuliza anafanyaje. Akaniambia, "Mpenzi, siri ni kofia ya ndani." Ya pamba inayovutika, inakamata kichwa na kunyonya jasho. Nami nikaanza kuvaa kofia ya pamba badala ya ile ya nailoni inayoteleza kama sabuni. Juu ya kofia nafunga ukanda wa velveti, unaozunguka kuanzia juu ya paji hadi kisogoni. Vinyuzi vya velveti vinashika wigi lisiteleze. Huo ukanda ungeniokolea ile mechi, na ni kitu kidogo ambacho kinakunjwa kwenye pochi.

Vile vitana vidogo vilivyoshonwa ndani ya wigi mimi nilivitoa kwa mkasi. Kwa mwenye nywele nyingi vinafaa, lakini kwa sisi wenye panja zilizochoka, vitana vinavuta nywele zile zile chache tunazoziombea uhai. Vibanio vya chuma navyo viache nyumbani kama unacheza mchezo wa kugongana, maana kiwiko cha mtu kikikupata kichwani pini inaingia kwenye ngozi.

Gundi ni kesi nyingine. Gundi na joto la Dar havipatani, tusidanganyane. Jasho na mafuta ya ngozi vinailegeza, na inaanza kuachia mbele, pale pale watu wanapokuangalia. Kama ni lazima, kwa mfano huna nywele kabisa na velveti haikutoshi, futa ngozi kwa spiriti kwanza, iache ikauke, tumia utepe wa gundi wa pande mbili uliotengenezwa kwa ajili ya ngozi, na ujaribu kipande kidogo mkononi siku moja kabla. Ukiona wekundu au muwasho, achana nao. Gundi ya viatu sijui ya nini, kama nilivyowahi kumwona mtu akipakwa saluni, hiyo ni kujitafutia kidonda.

Na sasa niwasimulie usiku ambao nilifanya jaribio. Niliamua kabla sijatoka nje lazima nilijaribu ndani. Watoto wamelala, mzee yuko sebuleni anaangalia mpira, mimi nimejifungia chumbani na kamba ya kuruka. Sikufunga mlango vizuri. Niliruka mara 50, nikatikisa kichwa kama napinga jambo, nikainama nikagusa vidole. Halafu nikalivua nirekebishe velkro, na kofia ikatoka nalo. Hapo hapo mlango ukafunguliwa. Alikuja kuangalia kama dari la jirani linaporomoka.

Miaka 9 ya ndoa, na mwanaume huyu alikuwa hajawahi kuniona kichwa wazi chini ya taa tangu nywele zianze kuondoka. Alijua navaa wigi, nani asijue. Lakini usiku nalala na kitambaa, na kuoga naoga nimefunga mlango. Alisimama pale mlangoni. Akasema, "Sikujua zimeisha hivi." Kavu kavu hivyo. Moyo wangu ukashuka hadi kwenye raba. Nikajiandaa kwa lolote. Akakaa kitandani, akauliza, "Panauma?"

Katika maswali yote niliyokuwa nimeyaogopa, hilo halikuwemo. Nikamwambia hapaumi. Tukakaa kimya. Halafu akasema, "Mimi nilidhani unaona aibu kuonekana na mimi. Na hili tumbo." Yaani mwenzangu miezi yote ile alikuwa anajua nakataa kwa sababu yake! Mimi naficha kichwa, yeye anaficha kitambi, na kila mmoja anamnunia mwenzake. Nikashindwa kujizuia nikacheka. Yeye akasema, "Haya, livae uruke tena, nione kama linakaa." Akawa refa wangu usiku ule.

Sisemi kila mwanaume atauliza hivyo. Nina shoga yangu alimwonyesha mchumba wake, na mchumba akatoa utani siku ile, kisha akautoa tena mbele ya rafiki zake. Hapo tatizo wala si nywele. Kaka unayesoma hapa, ukiona mwenzio anakwepa bwawa, anakwepa mvua, anakwepa kukimbia, usianze na utani na usimwambie "mbona mimi sijali". Yeye anajali. Muulize kama anahitaji dakika 10 za kujiweka sawa kabla hamjatoka, na umsubiri bila kupiga honi.

Nilipoanza kutoka nilijifunza mengine kwa njia ngumu. Kichwa kikifunikwa joto halitoki vizuri, hivyo nakimbia saa 12 asubuhi, nakunywa maji, na nikihisi kizunguzungu nasimama, na wigi linatoka hata kama pana umati. Kuzimia ukiwa umependeza hakuna faida. Wigi la mazoezi nalifua baada ya kila mara 2 au 3 nikitoka jasho sana, kwa maji ya baridi na shampuu kidogo. Usilikamue kama deki. Likande kwa taulo, likaukie kivulini juu ya kitu cha duara, mimi natumia sufuria. Kofia ya ndani inafuliwa kila siku, na kichwa chenyewe kioshwe, kwani jasho likikaa chini ya kofia huleta muwasho, vipele na harufu. Na kama ni la nyuzi za plastiki, baada ya bonanza msogelee mchoma nyama kwa akili. Joto la jiko linazikunja nyuzi hizo mara moja, na hazinyooki tena. Nimeshuhudia, mbele ya ndizi choma.

Kuogelea? Baharini sishauri, wimbi halina adabu. Bwawani navaa kofia ya kuogelea peke yake, bila wigi, kwa sababu klorini hukausha na kupausha nywele. Watoto wangu walishangaa siku ya kwanza, siku ya pili walikuwa wameshasahau. Na tukumbuke, wenye nywele nyingi za asili nao walikuwa na kilio chao. Mwaka 2021 kofia kubwa za kuogelea zilizotengenezwa kwa ajili yao zilikataliwa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, zikaja kuruhusiwa mwaka 2022.

Likidondoka je? Najua ndilo swali mnaloniuliza kimoyomoyo. Juni 2019 huko Oslo, Blessing Okagbare wa Nigeria, mwenye medali ya Olimpiki ya Beijing 2008, aliruka chini, akatua mchangani, na wigi likamtoka kichwani mbele ya kamera za dunia nzima. Aliliokota, akaendelea na kazi yake. Tena kwenye mchezo ule lina hasara, kwa sababu kanuni hupima alama iliyo karibu zaidi na ubao, iwe ya mwili au ya kitu kilichokuwa kimeshikamana na mwili wakati kinagusa mchanga. Wewe unayekimbia Coco Beach hakuna anayekupimia, na wala hakuna kamera ya Oslo.

Kuna na wa namna nyingine. Julai 2023 Sha'Carri Richardson wa Marekani aliingia kwenye fainali ya mita 100 ya ubingwa wa nchi yake na wigi la rangi ya chungwa, akalivua mwenyewe, akalitupa pembeni, akakimbia na misuko yake na kushinda kwa sekunde 10.82. Mwezi uliofuata Budapest akawa bingwa wa dunia. Na kuna Joanna Rowsell wa Uingereza, mwendesha baiskeli aliyepoteza nywele tangu utotoni kwa ugonjwa wa alopesia. London mwaka 2012 alivua helmeti, akapanda jukwaani kichwa wazi kuchukua dhahabu yake. Picha ile naipenda sana. Mimi sijafika alipofika Joanna, na sijui kama nitafika, na msinisukume. Ninachojua ni kwamba dada anayelivaa, anayelivua na asiyelitaka kabisa, wote nimewaona wakikimbia.

Kwa wale ambao nywele zimeanza kuondoka sasa hivi, msikae na wigi tu mkidhani mmemaliza. Inaweza kuwa mapunye, inaweza kuwa alopesia, inaweza kuwa ni kuvuta kama mimi, na tiba zake hazifanani. Onaneni na daktari wa ngozi mapema. Kwa wa kaskazini, pale KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachopokea hata wanafunzi kutoka nchi jirani.

Moshi yenyewe ndiko nilikotoka hivi karibuni mwaka 2025, kwenye Kilimanjaro Marathon, zile za kilomita 5. Usinicheke, kwangu 5 ni nyingi. Nilimaliza jasho linachuruzika hadi kwenye soksi, na njia nzima mkono haukwenda kichwani. Tulipofika kwenye kivuli nikalivua, nikafunga kitambaa changu cha kitenge, nikampa mume wangu kimfuko cha neti ashike wakati natafuta maji. Niliporudi nikamkuta kijana mmoja wa klabu yao anamwuliza, "Mzee, umebeba kuku?"

"Nywele za mke wangu," akamjibu, akaendelea kunywa soda.